Safari ya Siaya kwa Ajili ya Tombo

Mtu aondokaye Tororo alfajiri, mwamba ule mkubwa ukiwa bado umejifunika ukungu nyuma yake, huweza kufika Busia kabla jua halijaanza kuunguza. Mji huo una jina moja na nchi mbili. Zamani ilimlazimu msafiri kusimama katika mlolongo mara mbili, upande huu kisha upande ule. Lakini tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, hukaguliwa mara moja tu katika nchi aingiayo. Malori nayo yangali yanapanga mstari mrefu, na madereva wanalala chini yake kwenye mikeka kama watu waliofika nyumbani.

Nilivuka mpaka nikiwa na kikapu chenye chakula cha njiani na daftari moja la shule. Daftari lilikuwa la binti yangu wa darasa la sita, naye alikuwa amenichorea humo picha za ndege, akipaka penseli nyeusi kila mahali palipokuwa hapana manyoya. Ndege wenyewe sikuwachukua. Kuvusha ndege hai pasipo cheti cha daktari wa mifugo ni kosa, na mume wangu ni askari polisi. Ingekuwa aibu ya mwaka mzima pale kotani.

Yafaa nieleze kwanza kilichonitoa nyumbani. Sisi wanawake sita wa kota za askari tuna kikundi cha akiba. Mwezi wa Februari kila mmoja wetu alitoa shilingi 60,000 za Uganda, jumla shilingi 360,000, tukanunua tombo 48 kwa shilingi 7,500 kila mmoja. Nia yetu ilikuwa mayai yao yasaidie karo ya muhula wa pili. Muuzaji alitupatia maelezo kwa maneno matamu: kwamba tombo hutaga akiwa na majuma sita au saba tu, kwamba hali chakula kingi, kwamba taa ikiwaka usiku kucha mayai huongezeka. Fundi mmoja, naye ni koplo, akatutengenezea kizimba cha mbao na waya wakati wa mapumziko yake. Mweka hazina nilikuwa mimi.

Kufikia katikati ya Aprili ndege wetu walikuwa kama wamechovywa katika maji ya moto. Visogo vyekundu, migongo mitupu, mikia imekwisha. Wengine walikuwa na vidonda utosini. Asubuhi moja tulimkuta mmoja amekufa huku wenzake wakiendelea kumdonoa. Na hadi siku niliyosafiri walikuwa wamekufa saba. Mayai yalipungua hata ikawa siku nyingine tunaokota manne. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenzetu mmoja akasema ni jicho baya la jirani. Mwingine akasema chakula kinapunguzwa na mtu. Hakumtaja mtu huyo, lakini ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi.

Wifi yangu ameolewa Siaya. Ndiye aliyenipigia simu akasema, “Njoo huku, wifi. Hapa watu wamekula tombo tangu enzi za mababu, na wengine tombo wamewala wao.” Maneno yake ya mwisho sikuyaelewa siku ile.

Kutoka Busia gari hupita Bumala katikati ya mashamba ya miwa, kisha Sega, halafu huvuka Mto Nzoia na kuingia Ugunja. Ilikuwa mvua za masika. Mto ulikuwa mwekundu, umejaa, na nyasi za pande zote mbili za barabara zilikuwa zimefika kiunoni mwa mtu. Mahali fulani baada ya kuiacha barabara kuu niliona kando ya boma moja mlingoti mrefu sana, na juu yake vikapu vimetundikwa kimoja chini ya kingine. Nilidhani ni mizinga ya nyuki. Wifi akacheka akasema, “Hao ndio tombo. Tutashuka hapa kwanza.”

Mwenye boma alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Alitukaribisha chini ya mwembe, akaagiza tuletewe uji, wala hakutaka kusikia shida yetu mpaka tumemaliza. Katika lugha ya Kijaluo ndege huyu huitwa aluru; Waluhya jirani zao humwita isindu, na kwetu Buganda ni obugubi. Kwa Kiswahili cha vitabu ni tombo, ingawa sokoni Kenya watu wengi husema kware, na kware wa Waswahili wa zamani ni ndege mwingine, mkubwa zaidi. Mzee hakujali majina. Alisema ndege ni yule yule wa Mungu, huja na mvua na kwenda na jua.

Basi akatushushia kikapu kimoja. Kilisukwa kwa fito, kifupi, chenye giza ndani, na humo mlikuwa na tombo dume mmoja wa porini, kifua cheusi, ubavu wa rangi ya kutu, uso mweupe wenye mistari myeusi. Manyoya yake yalikuwa kamili, yamelala kama nguo iliyopigwa pasi. Kazi yake ni kuita. Alfajiri na jioni hulia kutoka juu ya mlingoti, na tombo wa porini wakisikia huja, huku chini nyasini mzee ametega vitanzi katika vijia vyembamba. Tombo hupenda kukimbia chini kuliko kuruka, basi hujiingiza mwenyewe kitanzini.

“Baba,” nikamwuliza, “mbona kila kikapu kina ndege mmoja tu?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba. “Mwanangu,” akasema, “ukiweka madume wawili katika kikapu kimoja, kesho utakuwa na dume mmoja na jicho moja.” Kisha akaeleza kwamba porini nako hupigana, lakini anayeshindwa hukimbilia nyasini na ugomvi huishia hapo. Ndani ya kikapu hakuna nyasi. Yule mnyonge hana pa kwenda, na mwenye nguvu haoni kwamba ameshinda.

Jambo la pili alinionyesha bila kulikusudia. Mtoto mmoja alipita akiburuta debe, na yule tombo akaruka ghafla, moja kwa moja kwenda juu, akagonga kifuniko cha kikapu. Lakini kikapu kilikuwa kifupi mno, hakupata nafasi ya kuongeza mwendo, naye akatua pasipo madhara. Nikakumbuka vidonda vya utosini vya ndege wangu, na kizimba cha koplo chenye kimo cha sentimita 45 na paa la waya mkavu. Tombo akishtuka huruka wima kama risasi, kwa kuwa ndivyo anavyomkwepa mnyama wa porini. Kimo cha sentimita 45 ni kibaya kuliko vyote: chatosha kumpa kasi, wala hakitoshi kumpa uhuru. Ama kizimba kiwe kifupi, chini ya sentimita 30, ama kiwe chumba cha kuingia mtu. Na paa likiwa la waya, litandikwe gunia kwa ndani.

Tulifika mjini Siaya saa nane. Mwalimu mstaafu niliyekuja kumwona anaishi nje kidogo ya mji, katika nyumba nzuri yenye mabanda matatu marefu nyuma yake. Mabanda mawili yalikuwa matupu, madirisha yamezibwa kwa mabati. Nilidhani anajenga. Kumbe ni masalio.

“Mama Askari,” aliniambia tulipokwisha kuamkiana, “kabla sijatazama daftari lako, nikuonyeshe langu.” Akafungua mlango wa banda la kwanza. Ndani mlikuwa na vizimba vya ghorofa nne, vimejaa utando wa buibui.

Mwaka 2013, alisema, homa ya tombo iliishika Kenya nzima. Ilinenwa kwamba mayai yake huponya kisukari, shinikizo la damu, saratani na hata ukimwi. Hapakuwa na ushahidi wowote wa kitabibu. Yai la tombo ni chakula chema kama yai lingine, lina uzito wa gramu kumi hivi, basi. Lakini maneno yalikimbia mbele ya ukweli. Bei ya yai moja ilipita shilingi 50 za Kenya, wakati yai la kuku halikuwa hata nusu ya hiyo. Serikali ilitaka kila mfugaji awe na leseni kutoka idara ya wanyamapori, kwa kuwa tombo alihesabiwa kuwa ndege wa porini, na watu walipanga foleni kuzipata leseni hizo. Walimu, makarani, askari, wachungaji wa makanisa, wote walijenga vizimba. Mwalimu wetu alichukua mkopo, akaweka ndege 2,000.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 bei ilianguka. Haikuteremka ngazi kwa ngazi. Ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba. Kila aliyekuwa mnunuzi amekuwa mfugaji, na wafugaji wote wakawa na mayai yasiyo na mnunuzi. Yai likauzwa kwa shilingi chache tu, kisha likakosa hata wa kulipokea bure.

“Sikuweza kuwauza wala sikuweza kuwalisha,” mama huyu alisema. “Nikaanza kupunguza. Kwanza niliacha kununua dagaa. Kisha soya. Mwisho nikawapa pumba ya mahindi na maji. Na ndege, mwanangu, akikosa nyama katika chakula huitafuta kwa mwenzake.”

Alinieleza hayo akiwa amesimama katikati ya vizimba vile, na mkono wake ulikuwa ukipangusa waya mmoja, bila yeye kujua. Unyoya, alisema, umejengwa karibu wote kwa utomwili ule uitwao protini. Tombo mkubwa ahitaji chakula chenye protini asilimia 20 hivi, na kifaranga asilimia 24 au zaidi. Chakula cha kuku wa mayai kina asilimia 16 hadi 18. Kuku hutosheka, tombo hapana. Hung’oa manyoya ya mwenzake na kuyala. Likitoka tone moja la damu, rangi ile nyekundu huwaita wote. Kila asubuhi kwa majuma mengi alikuwa akitoa maiti kwa ndoo. Ndege 2,000 walibaki 300, na mkopo aliumaliza kulipa mwaka 2019, kwa kiinua mgongo chake. Hapo nikaelewa maneno ya wifi kwamba wengine tombo wamewala wao.

Nilimwuliza kwa nini basi bado anafuga. Akaniongoza kwenye banda la tatu. Mlikuwa na ndege wapatao 120, wanene, wamefunikwa manyoya hadi miguuni, wanalia taratibu kama maji yanayochemka. “Hawa huuzwa kwa hoteli mbili na kwa majirani,” akasema. “Sitafuti utajiri tena. Natafuta sukari ya chai.”

Ndipo akalifungua daftari la binti yangu juu ya meza ya banda, akavaa miwani, akasahihisha michoro ile kwa kalamu nyekundu kama mtihani. Kila mahali palipokosa manyoya, alisema, pana habari yake. Nayaandika haya kwa kirefu kwa sababu najua kotani kwetu, na pengine kambini kwenu, kuna wengine wanaotazama ndege walionyonyoka na kumshuku jirani.

Kisogo na mgongo wa juu ukiwa mtupu kwa majike peke yao, huyo ni dume. Dume apandapo jike humshika kisogo kwa mdomo, na madume wakizidi, jike mmoja hushikwa mara nyingi kwa siku hata ngozi ikachubuka. Dume hutambulikana kwa kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa, na jike kwa kifua cheupe chenye madoadoa meusi. “Una madume wangapi?” Nikamjibu: waliobaki ni 41, nao madume ni 18. Akaiweka kalamu chini. Dume mmoja, alisema, atosha majike watatu au wanne. Sisi hatukuwa tumemlisha ndege, tulikuwa tumelisha vita.

Mgongo wa chini na mkia ukiwa mtupu kwa majike na madume pia, hao wanadonoana, na sababu ni njaa ya protini, au msongamano, au mwanga mkali, au zote kwa pamoja. Manyoya yakiisha kifuani na shingoni kwa mbele, chunguza chombo cha chakula au waya unaomkwaruza. Kidonda cha utosini ni paa. Na ndege akijikuna usiku, manyoya yameliwa-liwa karibu na tupu ya nyuma, funua ukaguze kwa tochi: utitiri hujificha katika nyufa za mbao mchana na kutoka gizani. Wapo pia wanaobadilisha manyoya kwa desturi ya maumbile. Hao utawajua kwa vijiti vipya vinavyochomoza ngozini, wala hawana vidonda.

Kisha akaja kwenye hesabu ya nafasi. Kizimba chetu kina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Siku ya kwanza kilibeba ndege 48. Yaani kila mmoja alipata sentimita za mraba 125, ambazo ni kama kiganja changu pamoja na vidole vyake. Wafugaji wa biashara huwapa 200 au 250, na mama huyu huwapa zaidi ya hapo, kwa kuwa yeye, kwa maneno yake, ameshazika wa kutosha.

Kuhusu taa alicheka sana. Ni kweli kwamba tombo wa Kijapani, ambaye ndiye huyu tunayemfuga, hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16. Lakini sisi tuishio karibu na mstari wa ikweta tunapewa saa 12 na jua lenyewe, basi kinachohitajika ni saa mbili au tatu za taa hafifu jioni, halafu giza wapate kulala. Balbu kali iwakayo usiku kucha humfanya ndege aone kila unyoya uliopinda na kila tone la damu, naye hana kazi nyingine ya kufanya ila kudonoa. Askari aliyenyimwa usingizi siku saba atagombana na nani asigombane naye?

Nililala kwa wifi. Asubuhi tombo wa yule mzee walisikika kwa mbali, sauti kavu yenye mapigo matatu, matatu, na mmoja wa porini akajibu kutoka mtoni.

Nilirudi Tororo Jumamosi na kuwaita wenzangu. Sikuwafichia neno. Tulichinja madume 12 siku ile ile, tukawapika kwa karanga, na nadiriki kusema kwamba maneno ya ufunguo wa stoo yaliisha karibu na sahani ya pili. Wakabaki madume 6 na majike 23. Koplo alishusha paa hadi sentimita 25, akatandika gunia, akaongeza kizimba cha pili cha ukubwa ule ule. Tukanunua chakula cha vifaranga badala ya kile cha kuku wa mayai, tukachanganya na mukene aliyesagwa, baada ya kumpepeta mchanga. Tukaweka sinia la mchanga na majivu wapate kujioga, maana ndege ajiogaye vumbini hufukuza wadudu na kupata la kufanya. Mboga za majani tulizitundika kwa uzi, wazidonoe hizo. Wenye vidonda tuliwatenga, tukawaosha kwa maji ya chumvi, wala hatukuwarudisha mpaka ngozi imefunga. Balbu iliondolewa, ikawekwa ndogo yenye kivuli, nayo huzimwa saa tatu usiku.

Jike mmoja aliyepofushwa macho yote mawili hakuweza kupona. Mume wangu alimmaliza, kwa kuwa mimi sikuweza.

Juma la kwanza hapakuwa na badiliko la kuonekana ila ukimya. Juma la tatu vijiti vya manyoya vilianza kuchomoza migongoni, na kufikia juma la sita binti yangu alifuta weusi wote katika picha zake isipokuwa sehemu mbili. Wako majike wawili ambao visogo vyao vimebaki vitupu. Nadhani ngozi iliumia mno. Wanataga kama wengine.

Leo ndege ni 28, na kwa siku tunaokota mayai 17 au 18. Karo ya muhula wa pili haikutoka kwao. Tuliilipa kwa kuchanga tena. Mayai tunayauza kwa mama wa kantini na kwa zahanati iliyo jirani, na kila anayeniuliza kama yanaponya kisukari namjibu kwamba hapana, bali yanapendeza kwa kachumbari. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alipendekeza tukope tuongeze ndege wafike 500. Nimemwomba kwanza aende Siaya akayatazame yale mabanda mawili matupu, na nauli ya kwenda na kurudi nimekubali itoke katika hazina.